Mtikisiko wa Cherehani

Redio ilikuwa dirishani, na barazani walikuwa watatu wakimsikiliza mwenye nyumba akisema humo redioni. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anaunga kola ya shati la shule, miguu kwenye pedali. Bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, alikaa kwenye kigoda akichambua mchele. Mtoto alikuwa mahali pake pa siku zote, chini ya meza ya cherehani, shavu kaliegemeza kwenye mguu wa chuma, macho kayafumba nusu.

Mtoto huyo walimwita Mgeni, kwa sababu tangu alipoanza kukaa alivitazama vitu vya kwao kama mtu aliyeingia sasa hivi na bado hajaambiwa karibu. Alikuwa msichana wa miaka saba, na hajatamka neno. Muuguzi wa zahanati aliwapa jina la hali yake, usonji, na walipomuuliza imetokana na nini akawajibu kweli: hajui, na waliosoma kumzidi nao bado wanatafuta. Mama yake Mgeni alilichukua jibu hilo kama lilivyo, akarudi nalo nyumbani, akaendelea kumwogesha mwanawe na kumlisha. Baba ndiye halikumshuka kooni. Yeye ni fundi wa redio, mtaa mzima wanamwita Fundi Waya, na tangu afungue kibanda chake hakijaingia humo kitu kibovu kisicho na sababu. Unafungua, unatafuta, unakuta. Kusema "hatujui" aliona ni uvivu wa mtu asiyetaka kufungua.

Basi akaenda kuuliza watu. Kituo cha redio cha mtaani kilikuwa kikimwita kila mitambo yao inapokorofisha, na mtangazaji wa Jumamosi alikuwa na deni naye la shukrani. Akampa nafasi kwenye kipindi chake. Fundi Waya akawaomba wazazi wenye watoto kama wake wamweleze mama alikuwa akifanya nini siku za ujauzito. Watu wakapiga simu, wakatuma ujumbe, wengine wakamfuata kibandani wakasimama nje mpaka wateja waondoke, ndipo waseme. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Leo alikuwa amerudi kuwaambia alichokiona.

"Ndugu wasikilizaji, mmenisaidia sana," sauti yake ilikuwa ikisema, nayo ilitoka dirishani kwake, ikatoka na kwa jirani wa kulia, na kwa muuza mkaa ng'ambo ya njia, kama yuko kila mahali. "Mama mmoja alipanda pikipiki kwenda kazini kila siku na mimba yake. Mwingine anakaa karibu na machimbo, wakipasua mawe ukuta wake unatetemeka. Mwingine alikuwa akifanya usafi kwenye kiwanda, mashine zinanguruma toka asubuhi. Sasa nisikilizeni. Redio ukiibeba kwenye barabara mbovu, kwa nje huoni kitu. Ndani lehemu inayoshika waya imelegea. Utaiwasha, itawaka. Itawaka, haitasema."

Mtangazaji akaguna kwa namna ya mtu aliyeonyeshwa njia. Kisha akauliza alichopaswa kuuliza. "Na nyumbani kwako, Fundi?"



"Nyumbani kwangu ni cherehani. Mke wangu aliikanyaga mpaka siku ya uchungu."

Pedali ikasimama. Chini ya meza Mgeni akafumbua macho. Muuza mkaa, aliyekuwa ameinama, akanyanyua kichwa akatazama barazani, kisha akajifanya anatazama kitu kingine.

"Alikwambia kwamba atasema hivyo?" Bibi akauliza.

"Hakuniambia, mama."

Akakata uzi kwa meno, akalikunja shati likiwa na kola upande mmoja.

Fundi Waya alirudi nyumbani amechangamka, maana njiani alisimamishwa kila hatua. Mwanamume mmoja alimshika mkono akamwambia kuanzia leo mkewe hapandi tena pikipiki. Mzee mmoja alimwita daktari, kwa utani ulio nusu. Kwa mara ya kwanza tangu zahanati alijisikia ana kitu mkononi, na aliingia nacho ndani kama anayeingia na nyama.

Mkewe alikuwa anachekecha unga. Hakumtazama.

"Sikukutaja kwa ubaya, Mama Mgeni."

"Umenitaja."

"Si kosa lako. Hukujua. Hata mimi sikujua."

"Humu ndani tunalala chumba kimoja," mkewe alisema. "Ulikuwa na usiku wa kuniambia. Ukaona afadhali uuambie mtaa kwanza, mimi nitasikia na wenzangu."

Akajitetea kwamba mambo yalimjia pale pale kipaza sauti kilipokuwa mbele yake, na hilo lilikuwa kweli kidogo. Akasema akipata chanzo atapata na dawa, kwani lehemu iliyolegea hurudishwa. Aliyasema haya kwa upole, karibu kwa kuomba. Tamaa yake haikuwa kubwa. Alitaka siku moja Mgeni amwite baba, mara moja tu, hata akikosea.

Bibi alingoja mpaka mwanawe amalize kula, ndipo akamkumbusha kwamba cherehani ile ni yake yeye, alimpa mkamwana alipofika nyumbani, na kwamba mimba yake yeye Fundi Waya aliibebea pale pale, na nguo za mtaa mzima zilipita pale. Fundi Waya akacheka. Akasema labda yeye aliponea chupuchupu. Shehena ikianguka si redio zote zinazoharibika. Bibi hakushindana naye. Alimjua tangu mdogo kwamba kitu hakimwingii mpaka mkono wake ukiguse, basi akachukua sahani zake akaenda kuosha.

Wiki ile ndipo Mama Mgeni alipojua mtaa una watu wangapi. Mke wa dereva, aliyekuwa na mimba changa na ameleta kitambaa cha gauni la kuvaa tumbo likikua, alikuja kukidai kabla hakijakatwa. Alisimama chini ya ngazi ya baraza, akanyoosha mkono kama anayepokea kitu juu ya moto.

"Sitapanda, dada. Si unajua tena."

Mama Mgeni akashuka yeye, akampa. Mke wa dereva alikipokea huku akitazama cherehani kwa pembeni, akaondoka haraka, mkono tumboni.

Huyo alikuwa afadhali. Waliomchosha ni wale wa pole. Walipanda mpaka barazani, wakamshika mkono kwa mikono yao miwili, wakamwambia Mungu anajua hakukusudia. Mmoja akambembeleza asijiue kwa mawazo. Mwingine akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama hakuhisi chochote wakati ule, hata mtoto kushtuka tumboni. Mama Mgeni aliwajibu wote ahsante. Jioni akamwambia mama mkwe wake kwamba alikuwa akikumbuka mavazi aliyoshona miezi ile, moja moja, akijiuliza ni lipi lililomdhuru mtoto. Bibi akamwambia aache. Akasema ameacha, lakini mikono yake ilikuwa ikipapasa pindo la kanga, kama inashona.

Alihamisha cherehani kutoka barazani akaiingiza ndani, aikanyage mlango ukiwa umefungwa. Mgeni akaifuata, akakaa chini yake gizani.

Hapo ndipo dada yake Fundi Waya alipokuja. Shangazi yake Mgeni alikuwa mwanamke wa sauti na wa huruma, na vyote viwili aliviingiza kwa mlango mmoja. Alipomwona mtoto shavu kwenye chuma akajishika kifua.

"Kaka, wewe umesema mtikisiko ndio umemharibu. Na huyo hapo bado anatikiswa, mchana kutwa. Wewe unatafuta dawa redioni, sumu unayo ndani."

Fundi Waya akageuka akamtazama mtoto. Hakuwa amelifikiria, na lilipomwingia lilimwingia lote, kwani lilikaa sawasawa na nadharia yake.

"Wifi usinielewe vibaya," shangazi akaongeza. "Ni kwa ajili ya mtoto."

"Nakuelewa," Mama Mgeni akasema. "Kila mtu ni kwa ajili ya mtoto."

Lakini walipoamua cherehani iondoke, hakuizuia. Wangeweza kumlaumu kwa hilo, wasiojua ukiambiwa siku nyingi kwamba mkono wako una sumu unafika mahali unaogopa kumshika mwanao. Mashati ya shule yaliyobaki aliyafunga kwenye shuka akayarudisha kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, akirudisha na fedha walizotanguliza. Cherehani ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikaenda stoo ya shangazi, ikafunikwa gunia.

Nyumba ikawa kimya kama Fundi Waya alivyotaka. Alizima na redio. Kila jioni alikuja akakaa sakafuni, umbali ule ambao mwanawe alikuwa akiuvumilia, akingoja.

Mgeni alikuwa akitafuta. Asubuhi alikwenda pale barazani palipokuwa na cherehani, akapapasa sakafu, akaona alama nne za miguu ya chuma kwenye saruji, akalala juu yake. Akaweka shavu ukutani. Akaweka shavu kwenye mlango, kwenye mtungi, kwenye goti la Bibi. Hakuna kilichotetemeka. Akaanza kugonga kichwa ukutani, taratibu, kwa mwendo wa pedali. Bibi akaweka mto kati ya kichwa na ukuta, Mgeni akautoa. Chakula akakikataa, hata uji aliokuwa akiupenda wa baridi. Mama yake alimshika mikono asijing'ate, akashikwa naye akang'atwa yeye.

"Mpe muda," Fundi Waya alisema. "Lehemu mpya lazima ipoe."

"Baba," Bibi akamwambia, "mtoto huyu alikuwa halii."

Akajibu kwamba kulia pia ni kusema, ni mwanzo. Bibi alimtazama usoni akaona haamini alichokisema. Ila alikuwa ameshakisema mbele za watu, na watu walikuwa wakimngoja Jumamosi.

Asubuhi moja Mama Mgeni alitoka kuanika, na aliporudi ndani alimkuta Bibi amesinzia, mto uko ukutani, na mtoto hayupo.

Wakatoka wote. Kumwita haikusaidia, kwani Mgeni hakuwa akiitika jina, basi iliwabidi watazame: uvunguni, nyuma ya choo, kwenye mifereji. Bibi alibaki mlangoni asije akarudi akakuta hakuna mtu. Mama alishuka upande wa mtoni. Baba alifunga kibanda akaenda upande wa sokoni, akiuliza kila mtu, na watu wakawa wanamuuliza yeye wakimtambua sauti: si wewe yule wa mtikisiko?

Nyuma ya soko kulikuwa na mashine ya kusaga, banda la bati ambalo kelele yake husikika tangu barabarani. Mtu mmoja akamwambia kaona kitoto kimekaa kule. Fundi Waya alikimbia moyo ukiwa mkononi, akifikiria mkanda wa mashine na magurudumu yake.

Mgeni alikuwa nje ya banda, mbali na mkanda, amekaa kwenye kivuli chembamba, mgongo wote na kisogo vimeegemea bati. Bati lilikuwa linatetemeka. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la unga, paji la uso lina jeraha la ukutani. Macho kayafumba nusu. Mikono imelala mapajani, haing'atwi. Na alikuwa akitoa sauti. Fundi Waya ilimbidi apige magoti aisikie: mngurumo mwembamba wa kooni, mmoja, usiokatika, uliolingana na wa mashine.

Mwenye mashine akatoka akijifuta. Walimwita Mama Pumba, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila unga kwenye nyusi. Ilimbidi aseme kwa nguvu, kama watu wa pale walivyozoea.

"Ni wako? Kaja mwenyewe. Nilidhani katumwa unga. Nimemuuliza jina hakunijibu, nikasema basi, hapa hakuna anayejibiwa."

Fundi Waya hakucheka. Mama Pumba akamtazama vizuri.

"Ni wewe wa redioni. Nilikusikia, nikawaita wanangu wakusikie. Wanne hao, wote nimewabeba mimba nikiwa nimeegemea kinu hiki, mpaka dakika ya mwisho. Wanaongea, baba. Wanaongea mpaka nikitaka kupumzika masikio nakimbilia huku. Mbona mimi hukuniuliza?"

"Niliuliza wenye watoto kama wangu."

"Ehe. Uliwauliza waliokuwa na kidonda, ukakuta kila mmoja ana kidonda."

Akarudi ndani kwa wateja wake. Fundi Waya akanyoosha mkono akaweka kiganja kwenye bati, karibu na kichwa cha mwanawe. Mtetemo ukapanda kiganjani, ukafika kiwikoni, ukaingia begani. Ulikuwa hausumbui. Ulikuwa ni kitu cha kushika, kama mtu anavyoshika kamba akivuka mahali pa kuteleza. Alikaa hivyo, mkono kwenye bati, na yote aliyoyapanga kichwani mwake kwa majuma yale yakaanza kumwagika, moja baada ya jingine, mpaka likabaki lile alilomtendea mtu wa nyumbani mwake.

Mama Mgeni akafika akitweta, miguu ina tope. Hakuuliza. Akaketi upande wa pili wa mtoto, mgongo kwenye bati, bila kumgusa, akafumba macho naye. Machozi yalimshuka yakichora njia kwenye vumbi.

Fundi Waya akasema neno. Mashine ikalimeza. Mkewe aliona midomo inasogea tu, haitoi kitu.

Nyumbani, Mgeni alipokwisha kuoshwa na kunywa uji kikombe kizima, Mama Mgeni alimwambia mumewe hivi: "Lile neno uliloniambia kule kwenye mashine, usinirudie hapa. Kalisemee pale uliposemea la kwanza."

Mtangazaji hakufurahi. Alikuwa ameandaa Jumamosi nzima ya mtikisiko, na wasikilizaji walikuwa wamelipenda jambo. Akamshauri aje na nadharia nyingine basi, watu wasikae mikono mitupu. Fundi Waya akasema hana nyingine. Akapewa nafasi fupi baada ya matangazo ya vifo.

Barazani redio ilikuwa dirishani, na kwa jirani, na kwa muuza mkaa.

"Nilisema najua," sauti ikasema, safari hii bila mbwembwe. "Sikujua. Niliuliza upande mmoja tu. Mama yangu alinibeba mimba juu ya cherehani ile ile, akaniambia, nikamcheka. Mtikisiko hauna kosa. Mke wangu hana kosa. Kosa ni langu, na nimelifanya mbele yenu, basi nimekuja kuliokota mbele yenu."

Simu zikaingia. Wa kwanza alitaka kujua mafundi cherehani wamempa kiasi gani. Wa pili akauliza, kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa, sasa chanzo ni nini.

"Sijui."

"Wewe si fundi?"

"Wa redio," Fundi Waya akajibu.

Wa tatu alikuwa mwanamke.

"Mimi ndiye wa machimboni," akasema. "Niliyekwambia ukuta wangu unatetemeka. Tangu siku ile mume wangu hagusi chakula ninachopika. Basi yarudie hayo maneno, baba. Yarudie polepole. Yuko hapa."

Fundi Waya akayarudia, na safari hii akaongeza kwamba mama wa machimboni naye hana kosa. Mama Mgeni, kule barazani, alisikiliza mikono ikiwa mapajani, na sauti ilipofika kwenye "hana kosa" ya pili, ile ya mwanamke mwingine, ndipo alipoinama akaziba uso.

Fundi Waya alikwenda kuichukua cherehani mchana, njia ikiwa na watu. Dada yake alimwambia angoje giza, au aite mkokoteni, ataonekanaje. Akamjibu kwamba ndivyo anavyotaka. Meza aliibeba kichwani, mkono mmoja umeshika gurudumu, akapita nayo sokoni, akapita mbele ya kibanda chake mwenyewe. Wapo waliomchekea. Kijana mmoja akamuuliza kama hatikisiki. Akasema anatikisika sana, akaendelea.

Alipofika alitaka kuingia nayo ndani.

"Wapi?" mkewe akauliza. "Weka barazani. Pale pale."

Akaishusha, miguu minne ikarudi kwenye alama zake. Akatafuta mafuta akatia kwenye viungo, akarudisha mkanda.  Mke wa dereva alikuwa akipita na kitambaa chake kwapani, anakipeleka mtaa wa pili. Akapunguza mwendo, akasimama chini ya ngazi. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

"Fundi," akamwambia Fundi Waya, "hebu niambie wewe. Nipande au nisipande?"

Fundi Waya akafuta mikono. "Mimi usiniulize. Muulize fundi mwenye cherehani."

Mama Mgeni alimtazama yule mwanamke kwa muda, muda wa kutosha huyo aone haya. Kisha akavuta utepe wa vipimo kutoka mfukoni, akauvaa shingoni.

"Vipimo vyako vimepitwa na wakati," akasema. "Panda."

Akapanda. Akapimwa. Kitambaa kikakatwa, pedali ikaanza, na Mgeni akatoka ndani bila kuitwa, akapita katikati ya miguu yao, akaingia chini ya meza. Fundi Waya akakaa chini kwenye saruji, upande wa pili, akaegemeza shavu lake kwenye mguu mwingine wa chuma. Mgeni akafumbua jicho moja. Alimtazama kama mwenyeji anavyomtazama mtu aliyeingia sasa hivi, akamtazama kwa muda mrefu, na hakusogea.